Dawa ikishamezwa inatokaje mwilini? Uzi kuhusu ini, figo na muda

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Nimekuwa mfamasia kwa miaka 11. Swali ninaloulizwa dirishani kila siku ni "hii dawa ina nguvu?" Karibu hakuna anayeuliza itatokaje mwilini. Na siku ambayo swali hilo lilihitajika kuliko siku zote, mimi mwenyewe sikuliuliza.

Mama yangu mdogo ana sukari. Wakati huo alikuwa na miaka 71. Alikuwa akinywa glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, miaka mingi bila shida yoyote. Akaharisha na kutapika siku tatu, hakula cha maana, magoti yakamsumbua akawa anameza diklofenaki alizokuwa nazo ndani. Kidonge cha sukari hakukiacha, kwa sababu alishaambiwa asikiache. Asubuhi ya siku ya nne hakuamka. Wakamkimbiza kituo cha afya, sukari ikasoma 1.6, yaani chini mno. Wakamchoma glukosi kwenye mshipa na ndani ya dakika chache akafumbua macho, akaanza kuulizia viatu vyake. Nilipigiwa simu, nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye kazi zangu. Mchana wakamruhusu. Usiku saa nne akazima tena, na kidonge hakuwa ameongeza.

Nitarudi kwake. Kwanza tuelewane dawa inavyotoka.

Mwili hautambui kwamba ulichomeza ni dawa. Kwake ni kitu kigeni, na kitu kigeni hutolewa. Kazi ya kukitoa haisubiri dawa imalize kazi yake, inaanza papo hapo. Kidonge kikishayeyuka na kufyonzwa, damu itokayo kwenye utumbo haiendi moja kwa moja kuzunguka mwilini. Inapita kwanza kwenye ini. Zipo dawa ambazo ini huzifyeka karibu zote katika mpito huo wa kwanza. Nitrogliserini ya maumivu ya moyo ukiimeza, kinachonusurika ni kidogo mno, ndiyo maana huwekwa chini ya ulimi ili iingie kwenye damu bila kupita kwenye ini kwanza. Mofini ya kunywa nayo hutolewa kwa kipimo kikubwa kuliko ya sindano kwa sababu hiyo hiyo. Mgonjwa akiona namba imepanda hudhani kaongezewa makali, kumbe sehemu kubwa itaishia kwenye ini.

Dawa nyingi hupenda mafuta kuliko maji. Bila sifa hiyo zisingepenya kuta za seli. Lakini mlango mkuu wa kutokea ni figo, na figo hutoa vitu kwa maji. Hapo ndipo ini linapofanya kazi ambayo watu hawaioni: linaibadilisha dawa iwe kitu kinachopenda maji. Kwanza vimeng'enya vyake, yaani protini zinazobadilisha kemikali mwilini, huichonga, mara nyingi kwa kuiongezea oksijeni. Kimoja kati ya vimeng'enya hivyo, CYP3A4, peke yake hushughulikia karibu nusu ya dawa zinazotumika. Kisha vimeng'enya vingine huibandikia kitu chenye kupenda maji, kama asidi ya glukuroniki au salfeti, nayo sasa iko tayari kwa figo au kwa nyongo.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Watu husema ini "linasafisha sumu". Kubadilisha dawa si lazima iwe kuidhoofisha. Kodeini yenyewe haina nguvu kubwa ya kutuliza maumivu, ni ini linalogeuza sehemu yake kuwa mofini. Parasetamoli ni kinyume chake. Ukinywa kipimo sahihi, sehemu kubwa hubandikwa na kutoka salama, na kiasi kidogo, kama asilimia 5 hadi 10, hugeuka kuwa kemikali kali inayoshambulia seli za ini. Ini lina akiba ya glutathioni inayoikamata kemikali hiyo kabla haijadhuru. Mtu mzima akizidisha gramu 4 kwa siku, njia zile salama huanza kuelemewa, nyingi zaidi hupita njia ya hatari, na akiba hukauka. Mtu aliyemeza vidonge vingi kwa mkupuo anaweza kushinda siku nzima akiwa anaongea vizuri huku ini likiungua. Dawa ya kumwokoa ipo, asetilisisteini, na kazi yake ni kurudisha ile akiba. Inafanya vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hiyo aliyezidisha parasetamoli apelekwe hospitali hata kama anacheka.

Naendelea na figo. Mwenye swali aulize.

#2 Mchangiaji

Shukrani mkuu. Sasa kama figo hutoa kwa maji, maana yake nikinywa maji mengi dawa itatoka haraka? Mimi kila nikimaliza dozi nakunywa lita tatu za kusafisha.

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, hapana, na nitakwambia kwa nini.

Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Zile nyingine zote zimerudishwa kwenye damu. Dawa inayopenda mafuta hurudi nazo, inapenya kuta za mirija ya figo na kuingia tena ndani. Dawa iliyokwisha kufanywa ya kupenda maji hushindwa kurudi, inabaki kwenye mkojo. Kinachoamua ni umbile la dawa, wingi wa vichujio vilivyo hai na kasi ya damu inayofika kwenye figo. Ukiongeza lita tatu unaongeza mkojo mwepesi. Dawa iliyomo humo ni karibu ile ile.

Kuna jambo moja linalobadilisha mambo kweli kweli, nalo ni uchachu wa mkojo. Aliyezidisha aspirini hupewa sodiamu baikaboneti kwenye mshipa. Mkojo ukipungua uchachu, salisilati ikishaingia humo hupata chaji ya umeme na haiwezi tena kurudi kwenye damu. Hiyo ni tiba ya hospitali, hupimwa kila saa, si ya kujaribu nyumbani.

Na figo hazichuji tu. Zina pampu. Ziko dawa ambazo pampu hizo huzikamata kwenye damu na kuzisukuma kwenye mkojo kwa nguvu, na penisilini ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Februari 1941 pale Oxford, Uingereza, askari polisi Albert Alexander, ambaye mwili wake ulikuwa umeenea usaha, alianza kuchomwa penisilini. Dawa yote iliyokuwepo ilikuwa kidogo mno. Ndani ya siku chache akaanza kupata nafuu, homa ikashuka, hamu ya kula ikarudi. Lakini muda ambao nusu ya penisilini huondoka kwenye damu ni kama dakika 30. Madaktari wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaupeleka maabara, wanatoa penisilini iliyomo na kumchoma upya. Hata hivyo ikaisha. Maambukizi yakarudi, na Machi 15 akafariki.

Kila nikisimulia habari hii hunigusa. Dawa ilikuwa sahihi na ilikuwa inaponya. Alishindwa na kasi ya kutoka.

Baadaye ikapatikana probenesidi, dawa inayoziba zile pampu ili penisilini ikawie. Na ikapatikana njia nyingine ambayo kwangu ni ya akili zaidi. Mlango wa kutokea uliachwa ulivyo, ukapunguzwa ule wa kuingilia. Penisilini ya benzathini huchomwa kwenye msuli, inakaa pale na kuchuruzika polepole kuingia kwenye damu, ndiyo maana mgonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi huchomwa mara moja kwa wiki 3 au 4. Figo zinaitoa kwa kasi ile ile ya 1941.

#4 Mchangiaji, muuguzi

Mfamasia, hapo kwenye maji nakupinga kidogo. Wodini tunawasisitiza wagonjwa wa dawa za salfa wanywe maji ya kutosha. Mtu akisoma uzi wako akaacha maji je?

#5 Mwanzisha uzi

Sista, uko sahihi na ningepaswa kulisema. Salfa zinaweza kuganda kuwa chembe ngumu ndani ya mirija ya figo, na maji huzuia hilo. Hapo tunalinda bomba, hatuharakishi dawa.

Niongeze na upande wa pili, maana ndio wenye hatari. Maji ya ziada hayasukumi dawa, lakini upungufu wa maji unaizuia. Mtu anayeharisha, anayetapika au mwenye homa kali, damu inayofika kwenye figo zake hupungua. Mgonjwa anayetumia lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, anaweza kufika kwenye kiwango cha sumu kwa kuharisha tu, bila kuongeza hata kidonge kimoja. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huongeza tatizo, kwa sababu hubana mshipa unaopeleka damu kwenye vichujio vya figo. Mkumbukeni mama mdogo hapo.

#6 Mchangiaji

Mkuu naomba kueleweshwa muda. Baba yangu ana miaka 80, alipewa diazepamu alale. Amekunywa siku nne tu, sasa ni siku ya tatu tangu aache na bado anayumba. Wenzangu wanasema dawa ilishatoka zamani.

#7 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, pole. Inawezekana kabisa bado imo. Mshikeni anapoamka usiku, na mrudisheni kwa daktari aangaliwe, maana mzee kuyumba kuna sababu nyingine pia na si vizuri tuisingizie dawa peke yake.

Kuhusu muda, sisi hutumia kipimo cha nusu, yaani muda ambao kiasi cha dawa kwenye damu hushuka kwa nusu. Muda wa nusu ukipita mara moja inabaki asilimia 50, mara ya pili 25, mara ya tatu 12.5, halafu 6, halafu 3. Baada ya mara tano tunasema imetoka.

Parasetamoli muda wake wa nusu ni saa 2 hadi 3, kwa hiyo ukiimeza usiku, asubuhi imekwisha. Amoksisilini ni kama saa 1. Digoksini ya moyo ni siku moja na nusu hadi mbili. Klorokwini ni mwezi mmoja hadi miwili, kwa sababu hujificha kwenye nyama na viungo vya mwili na kurudi kwenye damu kidogo kidogo. Diazepamu yenyewe ni saa 20 hadi 50, lakini ini huigeuza kuwa kitu kingine chenye kuleta usingizi pia, na hicho muda wake wa nusu unaweza kufika saa 100. Kwa mzee mafuta ya mwili huongezeka na misuli hupungua, dawa inapata pa kujificha, na ini lake linafanya kazi taratibu. Hesabu mara tano ya hapo. Wazee wengi wanaoanguka na kuvunjika nyonga, kidonge cha usingizi kimo kwenye habari yao, nami hii inaniuma kwa sababu nimevitoa dirishani kwa mikono yangu kabla sijajua kuuliza umri.

Kipimo hicho cha nusu kinafanya kazi hata wakati wa kupanda. Dawa ya kila siku hufika kwenye kiwango chake cha kudumu baada ya muda wa nusu mara nne au tano. Mgonjwa wa digoksini anayelalamika siku ya pili kwamba dawa haifanyi kazi bado hajafika hata nusu ya safari.

Waliotengeneza dawa mseto ya malaria waliichezea hesabu hii kwa ustadi. Artemetha hutoka ndani ya saa chache, inaua vimelea vingi kwa haraka na kuondoka. Lumefantrini ina muda wa nusu wa siku 3 hadi 6, inabaki nyuma kufagia vilivyosalia. Ukiacha dozi siku ya pili kwa kuwa homa imeisha, umeipata kazi ya ile ya haraka, na ile ya kufagia umeinyima kiasi cha kutosha.

Halafu kuna watu wanaochanganya dawa kutoka na kazi yake kuisha. Aspirini yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya saa moja au mbili kabla ya kugeuzwa, lakini chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, ikishaguswa nayo haiponi tena, inabaki imelemaa mpaka ife, na chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anaweza kukuuliza ulichomeza wiki iliyopita. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo nayo hutoka kwa saa chache tu, na asidi ya tumbo inabaki chini siku nzima au zaidi.

#8 Mchangiaji

Na pombe je? Nayo ina huo muda wa nusu?

#9 Mwanzisha uzi

Pombe haifuati hesabu hiyo. Vimeng'enya vinavyoivunja hujaa haraka, na vikijaa hufanya kazi kwa kasi moja, kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, hata uwe umekunywa chupa ngapi. Aliyekunywa mara mbili ya mwenzake atakaa nayo mara mbili ya muda. Kahawa humchangamsha, lakini kasi ya ini haiongezeki. Maji ya baridi ni hivyo hivyo. Kiasi kidogo hutoka kwa pumzi, mkojo na jasho, na ni kile cha kwenye pumzi kinachosomwa na kifaa cha askari wa barabarani. Gesi za nusu kaputi ndizo hutoka kwa pumzi kwa wingi: mtaalamu wa usingizi akifunga gesi, mgonjwa huipumua nje mpaka anaamka.

Fenitoini ya kifafa nayo hujaza vimeng'enya vyake. Kwenye dawa hiyo, ongezeko dogo la kipimo linaweza kurusha kiwango kwenye damu juu sana, kwa hiyo usijiongezee hata nusu kidonge.

#10 Mchangiaji

Habari mfamasia. Mimi niko mwezi wa pili wa dawa za TB. Mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa na hata machozi. Nimeambiwa ni kawaida. Ninachotaka kujua, nina kijiti cha uzazi wa mpango, rafiki yangu kaniambia dawa za TB "zinakila". Ni kweli?

#11 Mwanzisha uzi

Dada, rafiki yako amekusaidia sana. Ni kweli.

Rangi ni ya rifampisini. Sehemu kubwa hutoka kwa nyongo kwenda kwenye haja kubwa, nyingine kwa mkojo, na kidogo kwa jasho na machozi. Haina madhara, ni kama ushahidi wa macho kwamba dawa inatoka.

Lakini rifampisini hufanya jambo jingine kubwa: huliamuru ini kutengeneza vimeng'enya vingi zaidi, hasa CYP3A4. Ndani ya wiki moja au mbili ini lako linakuwa na wafanyakazi wengi kuliko kawaida, nao hawachagui. Homoni za kijiti na za vidonge huvunjwa haraka na kushuka chini ya kiwango cha kukulinda. Nenda kliniki wiki hii, waambie uko kwenye rifampisini. Kitanzi cha shaba hakiguswi na jambo hili kwa sababu hakitegemei homoni. Mpaka ufike huko tumia kondomu. Na ukimaliza dawa za TB usidhani ini litatulia siku hiyo hiyo, vimeng'enya vya ziada huchukua wiki kadhaa kupungua, hivyo wataalamu hushauri kinga ya ziada kwa wiki 4 baada ya dozi ya mwisho.

Kwa wanaotumia ARV ni hivyo hivyo. Dolutegraviri ya miligramu 50 mara moja kwa siku huwa mara mbili kwa siku mgonjwa akiwa kwenye rifampisini. Mgonjwa akiona kaongezewa vidonge asidhani virusi vimeshinda.

Kinyume chake pia kipo, dawa zinazowafunga mikono wale vimeng'enya. Ketokonazoli ya fangasi, erithromaisini, hata maji ya balungi. Hilo la balungi liligunduliwa kwa bahati: watafiti wa Kanada walitumia maji yake kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio la dawa ya presha iitwayo felodipini, wakashangaa dawa kwenye damu imepanda kupita matarajio. Wakaliandika mwaka 1989. Aliyekuwa akinywa kipimo salama anajikuta na kipimo cha hatari, na karatasi ya dawa haijabadilika hata herufi moja.

#12 Mchangiaji

Ninanyonyesha, mtoto ana wiki tano. Je, kila ninachomeza kinatoka kwenye maziwa?

#13 Mwanzisha uzi

Hongera kwa mtoto. Dawa nyingi hupita kwenye maziwa, lakini kwa kiasi kidogo ambacho hakimdhuru. Parasetamoli na ibuprofeni kwa kipimo cha kawaida hazina shida. Usiache kunyonyesha kwa hofu, na usiache dawa uliyoandikiwa bila kuuliza.

Kodeini ndiyo ninayokuomba uikatae na uombe nyingine. Nimesema juu kwamba ini huigeuza kuwa mofini. Kimeng'enya kinachofanya hivyo, CYP2D6, hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa kuzaliwa. Kwa wengine hakifanyi kazi kabisa, wanakunywa kodeini na maumivu yako pale pale, halafu wanaambiwa wanadeka. Kwa wengine kinafanya kazi kwa kasi mno, mofini inajaa kwenye damu na kwenye maziwa, na mtoto anaweza kushindwa kupumua. Hujui uko kundi gani kwa kujitazama. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema kodeini isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 12, na wanaonyonyesha washauriwe kuiepuka.

Mtoto mchanga si mtu mzima mdogo. Ini lake bado halijui kubandika vizuri. Katika miaka ya 1950 watoto wachanga walipewa kloramfenikoli kwa kipimo kilichopigiwa hesabu ya uzito tu, ikarundikana, wakageuka rangi ya kijivu na wengi wakafa. Uzito ulikuwa sahihi. Hakuna aliyekuwa ameuliza itatokaje.

#14 Mchangiaji

Mkuu, mama mdogo umemuacha njiani. Ilikuwaje?

#15 Mwanzisha uzi

Samahani, nilikuwa zamu.

Glibenklamidi hubadilishwa na ini, na vinavyotokana nayo bado vina nguvu ya kushusha sukari. Hivyo vinasubiri kutolewa, karibu nusu kwa figo na vingine kwa nyongo. Sasa pangeni mambo yake: siku tatu za kuharisha, maji yamepungua. Diklofenaki juu yake, mishipa ya figo imebanwa. Hali chakula, kwa hiyo hakuna sukari mpya inayoingia. Na kidonge kinaongezwa kila asubuhi. Glukosi aliyochomwa kituoni ilitumika ikaisha ndani ya saa chache. Dawa haikuwa na njia ya kutosha ya kutokea, ikaendelea kuamuru kongosho limwage insulini mpaka usiku. Mgonjwa wa namna ile hatakiwi kuruhusiwa kwa sababu kafumbua macho. Anatakiwa kulazwa na kupimwa sukari siku nzima au zaidi. Walimruhusu, na mimi niliyejua hayo yote nilishukuru Mungu kwenye simu nikakata, sikuuliza anakunywa dawa gani ya sukari.

Mara ya pili walimfikisha hospitali kubwa. Alikaa na dripu ya glukosi siku mbili, wauguzi wakimpima kila saa. Siku ya tatu sukari ikasimama yenyewe. Hapo nikachukua daftari lake la kliniki nikaanza kurudi nyuma. Miezi mitano kabla alipimwa kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa, ikasoma 1.1. Maabara haikuweka alama yoyote, maana kwa mtu mzima hiyo huonekana ya kawaida. Lakini kreatinini hutokana na misuli, na mama mdogo ana kilo 46, misuli imekwisha, hata figo zikichoka namba haipandi sana. Nikapiga hesabu kwa umri wake, uzito wake na jinsia yake. Figo zilikuwa zinasafisha mililita 34 kwa dakika. Mtu mzima mwenye afya huwa kwenye 100 na kitu. Yaani hata kabla ya kuharisha, alikuwa anakunywa kipimo cha mtu mwenye figo mara tatu ya zake, na namba zote za kulijua hilo zilikuwa kwenye daftari moja: uzito ukurasa wa kwanza, kreatinini ukurasa wa tisa.

Daktari alimbadilishia akampa glipizidi, ambayo ini humaliza kazi yake na mabaki hayana nguvu. Tukaandika ile 34 kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari, na tarehe. Nikamwambia kila anapopewa kidonge kipya anipigie kabla hajaondoka dirishani.

Juzi Jumanne alinipigia. Kapewa dawa ya magoti, akanisomea jina herufi kwa herufi kwa sauti ya juu, nikawa nawasikia watu wa foleni nyuma yake wakilalamika. Jina la kibiashara sikulijua. Nikamwomba asome maandishi madogo chini yake. Ilikuwa diklofenaki. Nikamwambia airudishe, amwonyeshe dada wa dirishani ile namba nyekundu.

#16 Mchangiaji, muuguzi

Mfamasia, hiyo hesabu ya kreatinini iweke hapa hatua kwa hatua. Nina wazee sita wodini usiku huu.

#17 Mwanzisha uzi

Sista, chukua 140 toa umri. Zidisha kwa uzito kwa kilo. Gawanya kwa 72 mara kreatinini, ikiwa kwa miligramu kwa desilita. Akiwa mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Maabara yenu ikitoa kwa mikromoli, gawanya kwanza kwa 88.4. Kama kreatinini inapanda siku hadi siku usiiamini hesabu hii, figo zitakuwa mbaya kuliko inavyosema. Anza na mwenye uzito mdogo kuliko wote, niandikie hapa ukipata chini ya 50 pamoja na majina ya dawa zake, bila jina la mgonjwa. Niko macho.